Nyoka Mkononi, Wageni Mlangoni

Jamani, mimi nimeaibika mara nyingi maishani, lakini aibu ya Iyunga ni ya peke yake, na hata leo na mvi zangu hizi nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Miaka ile ya sabini nilikuwa karani wa ghala la mbolea kule Uyole, nimepanga nyumba Iyunga, Mhehe wa Ilula nisiyejua Kinyakyusa zaidi ya salamu ya "ugonile", na upweke wa Mbeya mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka kizingitini na wewe unasonga ugali wa mtu mmoja kwenye sufuria ya watu sita, usiombe ukupate. Jumapili nzima ingeweza kupita bila mtu kuniita jina. Ndiyo maana nilipomkuta nyoka ghalani (wa kahawia, hana sumu, urefu wake kama mkanda wa suruali) sikumuua. Nilimweka kwenye kreti la mbao lenye wavu juu, nikamwita Bwana Kimya, na kila jioni nikirudi nilikuwa namsalimia kwa Kihehe, "Kamwene!", halafu najiitikia mwenyewe.

Kumlisha nilijifunza taratibu. Panya awe ameshakufa, maana panya hai anaweza kumng'ata nyoka akamjeruhi. Umshike kwa koleo, umsogeze polepole. Nyoka akishameza umwache atulie, ukimbebabeba anatapika. Na kubwa kuliko yote, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kufungua kreti, kwa sababu nyoka anafuata harufu, na mkono unaonuka nyama kwake ni nyama.

Sasa, Jumapili moja baada ya ibada mzee wa kanisa, Mzee Mwakyoma, akanishika bega akaniuliza, "Kijana, wewe kila wiki unakaa benchi la nyuma, kwenu wapi?" Mtu kuniuliza tu vile, nikajikuta nimemkaribisha yeye na mke wake chakula Jumamosi, na akakubali! Wiki ile sikulala vizuri kwa furaha. Nilinunua jogoo, nikaazima viti viwili.

Jumamosi yenyewe, nikiwa nakatakata kuku, namsikia Bwana Kimya anahangaika, kwaru kwaru kwaru, maana siku yake ya kula ilikuwa imefika. Nikajisemea, wageni wakisikia hivi itakuwaje? Ngoja nimlishe harakaharaka atulie. (Hapo ndipo nilipojimaliza.) Koleo lilikuwa kwenye makaa, limepata moto, mikono imejaa kuku, nikasema aah, mara moja tu, nikamshika panya mkia kwa vidole. Bwana Kimya akamruka panya, akakamata kidole gumba, akajizungusha kwenye mkono wangu akabana kama anayefunga mzigo.

Hakuumiza sana. Lakini ukimvuta meno yake yanachana, yamepinda kwa ndani, na kinachomwachisha upesi ni maji ya baridi, nayo yalikuwa kwenye ndoo uani. Nikageuka kuyafuata. "Hodi humu!"

Ningesema subirini, ingetosha. Lakini niliogopa, nikaona watu wa kwanza kunitembelea ndio hao watageukia mlangoni. Nikavaa koti langu la baridi, mkono na nyoka wake vikaingia kwenye mkono wa koti kwa shida, kiganja nikakizamisha mfukoni, nikafungua.

Mzee akanyoosha mkono wa kulia. Nikampa wa kushoto.

Akautazama, akanitazama, akaushika kama mtu anayeshika samaki aliyeoza. Mama Mwakyoma yeye hakutoa mkono kabisa. Tukakaa. Nikawa najibu maswali huku jasho linanitoka kwenye baridi ile, na kila nikicheka Bwana Kimya anakaza. Mzee akasema tuombe, wao wakaunganisha mikono, mimi nimekaa mkono mfukoni kama mhuni wa stendi.

Chakula kikafika mezani, sahani mojamoja, kwa mkono mmoja. Mama akainuka, akachukua birika na beseni. "Nyumba haina mwanamke, ngoja niwanawishe mimi." Akamnawisha mumewe, akaja kwangu. Nikatoa wa kushoto.

"Na wa kulia?" akauliza.

"Huu unatosha, mama."

"Baba yangu, utakulaje na huo? Leta." Akaukamata mwenyewe, akauvuta kutoka mfukoni, na maji hayakuwa ya moto, nilisahau kuyachemsha, akayamwaga. Bwana Kimya akaachia, akateleza chubwi ndani ya beseni, akanyanyua kichwa.

Mama hakupiga kelele, mnisikie. Aliliweka beseni chini taratibu, akatoka, na alipofika barabarani ndipo sauti ikaja: "Anafuga! Mwenzenu anafuga nyoka!" Nanyi mnajua kwetu nyanda za juu neno hilo lina maana gani: uchawi. Mzee akamfuata kinyumenyume, bila kuniondolea macho.

Nikabaki na kuku mzima. Nilikula paja, sehemu nyingine nikampelekea mbwa wa jirani, naye jirani akamwita mbwa wake arudi.

Bwana Kimya nilimwachia kwenye mashamba ya mahindi. Kanisani benchi langu likawa langu kweli, hakuna aliyekaa karibu. Wiki kadhaa zikapita, jioni moja nikamwona Mzee Mwakyoma amesimama barabarani, hasogei.

"Kijana," akasema, "kwa nini hukutuambia una nyoka mkononi?"

"Niliogopa mtaondoka, mzee."

"Tungekutolea. Mimi nimelima bondeni miaka yote hii, nyoka wa kahawia namjua. Lakini wewe ulitusalimia kwa kushoto, ukakaa nasi unatuficha. Mke wangu anasema hicho ndicho kilichomtisha." Nikamkaribisha ndani. Akatikisa kichwa, akasema siku nyingine, na siku hiyo haikuja mpaka nilipohamishiwa Iringa.

Sijafuga nyoka tena. Na mgeni akibisha hodi kwangu hata leo, kama sufuria imeungua au nimetoka kulia, namwambia palepale mlangoni. Wapo wanaogeuza njia. Wengi wanaingia.