Kibuyu cha Mjukuu Wangu

Majina ya watu wa hapa Kaptagat nayakumbuka yote, hata ya waliohama, lakini sitayataja. Wengine bado tunakaa benchi moja kanisani.

Wazungu walianza kuja kwa sababu ya wanariadha. Walitaka kukimbia nao msituni asubuhi, basi. Hatukuwa na neno. Kisha jirani yangu akajenga nyumba ya wageni, akaniambia, "Mama, wageni wangu wanataka mursik. Wakishuka tu kwa gari wapewe, wapigwe picha."

Mursik ni maziwa tunayolaza kwa kibuyu kilichosuguliwa makaa ya mti, na kwetu hupewa mtu anayerudi nyumbani. Hawa hawakuwa wanarudi. Lakini nilikubali, maana nilipenda kusifiwa mkono wangu. Akina mama wengine pia walikubali. Siku moja vibuyu vyangu vyote vilikuwa vimetoka, nikatoa cha mjukuu wangu. Kwa nyumba yetu kila mtoto ana chake, na mwingine hakinywii. Yeye alikuwa ng'ambo, anakimbia. Nikajiambia kitarudi kabla yake.

Hakikurudi. Alirudi yeye, bila kutuambia, mguu umefungwa bandeji, hajashinda kitu. Akaangalia ukutani, pale vibuyu hukaa.

"Kogo," akaniita, yaani nyanya, "changu kiko wapi?"

"Kiko kwa wageni."

"Wageni gani wananijua?"

Nilimpa chai. Akanywa.

Kesho yake nilienda kwa jirani. Kibuyu kilikuwa kimetundikwa juu ya meza ya kulia, kimetiwa maua makavu.

"Mama, hicho wanakipenda sana. Niachie, nitakutafutia kingine."

Nilipanda kiti, na magoti haya yangu, nikakitoa. Maua nikayamwaga hapo mezani. Mzungu mmoja akanipiga picha.

Jumapili niliwaambia akina mama kwamba mimi sipeleki tena. Mmoja akacheka, "Sasa wageni watakunywa nini?"

"Chai. Hata mjukuu wangu alikunywa chai."

Hakucheka tena. Tangu hapo hakuna kibuyu kinachoenda kule, na jirani hanisalimii.

Kile cha mjukuu kilinuka maua. Nilikiosha, nikakisugua makaa, nikamwaga maziwa ya kwanza na ya pili. Ya tatu yalipokuwa tayari, nilimwambia mjukuu atoke mpaka barabarani, kisha arudi.

"Kogo, na mguu huu?"

"Pole pole."

Akatoka, akachechemea mpaka barabarani, akarudi. Nikampa.