Pale Mboko Tulikuwa Wawili

Mjumbe wa serikali alipofika Baraka kutangaza kwamba taifa litawapa medali wauguzi waliohudumia watu wakati wa vita, alinitaja mimi kwanza. Nilisimama, nikashukuru, kisha nikasema siipokei peke yangu.

"Mama, unakatala kintu ya Leta, ya serikali?" mjumbe akaniuliza.

"Haiko kukatala, papa. Pale Mboko tulikuwaka babili."

Watu ukumbini wakageuziana nyuso. Walijua ninamsema nani. Mimi ni Mbembe, baba yangu alivua ndakala, wale dagaa, ziwani. Mwenzangu alikuwa binti wa wafugaji wa milimani, na lugha yake ni Kinyarwanda. Vita kati ya watu wangu na watu wake ilipokaribia, wengine wote wa kituo chetu cha afya pale Mboko walivuka ziwa. Tulibaki sisi na wagonjwa wasioweza kutembea. Dawa zikaisha. Tukaosha vidonda kwa maji ya chumvi, tukachana vitenge vyetu kuwa bendeji.

Asubuhi moja vijana wenye bunduki walikuja kumtafuta yeye. Sura za wengine nilizijua. Nikajiweka mlangoni. Ndani, mwenzangu alikuwa akimzalisha mke wa mvuvi, na mtoto alikuwa ametanguliza miguu.

"Mama, toka hapo," mkubwa wao akaniambia.

"Mukimutosha mule ndani, ule mama atakufa na mutoto wake. Ni dada yenu, Mubembe. Nani atamuzalisha? Wewe?"

Nikashika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Tulisimama tukitazamana mpaka mtoto akalia ndani. Mkubwa wao akainamisha bunduki, akawaashiria wenzake, wakaenda zao. Wiki hiyo hiyo ndugu za mwenzangu walikuja wakampandisha kwao milimani.

Sasa, mle ukumbini, mtu akanung'unika nyuma yangu, "Ule haiko wa hapa."

Yule mvuvi ambaye mkewe alizalishwa siku ile, mzee sasa, akasimama. "Bibi yangu na binti yangu biko bazima juu ya mikono yake. Kama yeye haiko wa hapa, binti yangu naye haiko wa hapa."

Mjumbe akaniuliza mwenzangu anapatikana wapi.

Siku ya sherehe mwenzangu aliteremka na nywele nyeupe, amevaa viatu vya shambani vyenye matope. Alinitazama, akacheka. "We dada, umenenepa!" Tulivalishwa medali tukiwa tumeshikana mikono, na akina mama wa Baraka wakapiga vigelegele hadi mjumbe akashindwa kumaliza hotuba yake.

Baadaye, tukila bugali na samaki kwangu, aliniambia kwamba huko juu ana wasichana wanaojifunza uuguzi na hana wa kumsaidia kuwafundisha.

"Utapanda na mi?"

"Tunapanda wote."

Nilikaa kule msimu mzima wa mvua. Wasichana wale sasa wanajua kushona kidonda vizuri, ila baridi ya milimani sikuizoea.