Siku Nilishindwa Kunyamaza Kule Lubondja

Kosa ni langu. Simulaumu bibi yangu, mama ya batoto, simulaumu shetani. Ni mudomo wangu mwenyewe ulivunja ndoa ya mutoto wangu kabla haijafungwa, na tangu ile siku siwezi kukaa mahali pamoja. Hata hapa ninaandika nimesimama, karatasi juu ya gunia la ndagala.

Ninauza ndagala, samaki badogo ba ziwa, hapa Baraka. Masomo niliacha mwaka wa nne. Nilianza na beseni moja kichwani, leo niko na depo mbili za kuweka ndagala na nyumba ya matofali ya kuchoma. Hakuna muntu alinishika mukono. Unaona? Nimeanza tena. Ndiyo ule ugonjwa wangu.

Mutoto wangu wa kwanza, Amani, alipenda binti wa Lubondja. Sasa, miaka ya nyuma, vita ilipofukuza bantu kule, baba ya yule binti alikimbilia Baraka na bibi na batoto. Nilibapokea. Balilala kwangu wiki tano, tukakula sahani moja. Vita ilipopoa, bakarudi kwenye mashamba yao.

Kwetu, siku ya kwenda kuomba binti, baba ya kijana hasemi. Anatafuta musemaji, yeye anakaa nyuma, mikono kwenye magoti. Musemaji wetu alikuwa yaya yangu, kaka yangu mukubwa, mulimaji, muntu wa pole. Njiani akaniambia, "Mudogo, leo kazi yako ni kukaa tu."

"Yaya, nitakaa kama jiwe."

"Wewe? Labda jiwe lenye redio ndani."

Tulicheka wote, hata mutoto wangu.

Tulipofika tukapewa viti. Yaya akaanza taratibu: habari ya ukoo, ya mvua, ya mihogo. Bajomba ya binti banatikisa vichwa. Hakuna aliyetaja depo zangu. Kiti kikaanza kuniunguza. Nikaona yaya anatushusha bei.

Mujomba mumoja akauliza, "Binti yetu akifika kwenu, atatunzwa?" Ni swali la desturi tu, kila mahali linaulizwa. Yaya alikuwa anafungua kinywa. Mi nikasimama.

"Munatuuliza sisi? Muulizeni huyu." Nikamunyooshea baba ya binti kidole, mbele ya bashemeji zake. "Alifika kwangu bila viatu, batoto banalia njaa. Nani alibapa unga? Nani alimuvalisha bibi yake kitenge? Bila mimi, huyu binti angekuwa kwenye kaburi."

Yaya akanivuta shati. Sikukaa.

Baba ya binti hakukasirika, na hiyo ndiyo inaniuma. Alisema polepole: "Papa Amani, hizo wiki tano, batoto wangu wote banazijua. Kila mwaka ninabasimulia, ili basisahau. Hawa bajomba balitaka kukataa, banasema bafanyabiashara ba Baraka bana kiburi. Mi nikabaambia, huyu ninamujua, nilikula kwake, hakunihesabia hata siku moja. Mulipoingia hapa, tulikuwa tumeshakubali."

Akaongeza: "Sasa umenihesabia. Siku binti yangu ataunguza ugali kwenye nyumba yako, utamuambia nini?"

Ndipo nikakaa, mikono kwenye magoti.

Mbuzi tulizopeleka, tulirudi nazo. Mutoto wangu alitembea mbele peke yake, sikuona uso wake mpaka Baraka. Wiki ile ile akaenda Lulimba kuchimba dhahabu. Mama yake akimupigia, anapokea. Mi nikipiga, simu inalia mpaka inachoka.

Nimesikia yule binti ameombwa na bengine. Mahari bado haijatolewa. Kwa hiyo kila asubuhi ninavaa, ninasema leo ninaenda Lubondja kuomba radhi. Ninafika kwa bantu ba pikipiki, tunapatana bei, kisha ninarudi depo. Ninaogopa. Nikifungua kinywa pale, ninajijua, nitaanza na nyumba yangu ya matofali.

Wewe unayesoma, ulisaidia muntu? Achana na hiyo habari. Usiitaje hata kwa muchezo. Yule muntu anakusemea mahali haupo, tena vizuri kuliko unavyojua kujisemea. Miaka yote hiyo muntu alikuwa ananisifu bure, kwenye kijiji ambako sina hata ndugu, na mi sikujua.

Bantu ba kule bado banakuja soko ya Baraka. Siku moja mumoja wao atamuuliza baba ya binti juu yangu. Atamuambia niko na depo mbili. Kweli. Kisha sijui kama atapata kitu kingine cha kuongeza.