Ukaazi wa Wiki Sita

Safari yangu ya kwenda kutazama volkano iligharimu mtamba mmoja mwenye mimba, sadaka za Jumapili mbili, na benchi la mbele kanisani. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili benchi ndilo limetoka ghali kuliko vyote.

Kazi yangu ni kuandika mabango mjini Kitale. Nachora ng'ombe wa buchari, meno ya daktari wa meno, na onyo kwa wanaokojoa ukutani. Nalipwa kwa herufi, ndiyo maana mji wetu una maduka mengi yenye majina mafupi. Mteja mmoja kutoka mji jirani wa Kwanza alikuja na jina la kinu cha posho lenye herufi ishirini na sita. Aliondoka na herufi tano, na bado akalia bei.

Kituo fulani cha wasanii kule Aisilandi kiliona picha za mabango yangu mtandaoni, wakaniandikia. Nije nikae kwao wiki sita, nitembee katika nchi yao ya volkano, nichore nitakachochora. Tikiti na chakula juu yao. Visa, koti na buti juu yangu.

Sasa, nyumbani kwetu karibu na Kibabii barua ya Kiingereza haisomwi na mwenyewe. Husomwa na baba mdogo, karani mstaafu ambaye mpaka leo hutembea na kalamu mbili mfukoni mwa shati, moja ya kuandikia na moja ya heshima. Alivaa miwani, akateremka na barua mstari kwa mstari, akafika kwenye neno "residency," akasimama hapo kama mtu aliyeona nyoka.

"Shemeji," akamwambia mama yangu, "hebu kaa chini. Kijana amepewa residency."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ukaazi. Hawa watu wamempa ukaazi. Atakaa huko, bana, mpaka azeeke."

"Si yeye amesema ni wiki sita?"

"Wiki sita ni ya kutengeneza makaratasi."

Mama akapiga kigelegele mpaka kuku wakatoka jikoni. Mimi nilikuwa pale pale, kikombe cha chai mkononi. Ningeweza kusema. Lakini mimi ni mtu wa soko, na mtu wa soko hamkatizi mnunuzi anayejipandishia bei mwenyewe. Nikanywa chai.

Mtamba akauzwa. Kanisa likanichangia Jumapili ya kwanza, na kwa kuwa visa ilikuwa na roho mbaya, likanichangia na ya pili. Hapo ndipo benchi lilipoingia. Kanisani kwetu benchi la kwanza upande wa akina mama lina wenyewe. Hakuna aliyeliandika jina, na kama lingeandikwa kazi ningepewa mimi, lakini kila mtu anajua kwamba hapo hukaa wenye watoto ng'ambo. Walikuwa watano. Mama yangu alikuwa wa benchi la saba, karibu na mlango, tangu mimi kubatizwa. Jumapili ile ya pili mmoja wa wale watano akasogea, akapiga ubao kwa kiganja: "Mama, kuja hapa."

Mama akavuka mabenchi sita. Nilimhesabia. Sijawahi kumwona akitembea polepole hivyo naye si mgonjwa.

Kule Aisilandi tulikuwa wasanii wanne. Mwenyeji wetu, mama mrefu mwenye sweta nzito ya sufu, alitukaribisha kwa kutuomba tunyamaze saa nzima ili tuisikie ardhi. Niliisikia. Ilinuka mayai viza.

Mwenzangu mmoja, Mjerumani mpole, alikuwa akirekodi sauti ya yale manyoya ya kijani yanayoota juu ya mawe. Alilala kifudifudi, kinasa sauti kimevishwa kitambaa, nusu siku.

"Yanasema nini?" nikamuuliza.

"Hayasemi. Yanakua."

"Na mnunuzi ni nani?"

Akaniambia jumba moja la sanaa lilikuwa limeshanunua dakika arobaini. Nilimheshimu hapo hapo. Mimi nalipwa kwa herufi, mwenzangu analipwa kwa kutosema hata moja.

Kila asubuhi tulitoka kutembea. Ardhi ilikuwa nyeusi kama makaa yaliyomwagiwa maji, imepasuka, imejikunja, na hakuna mtu aliyewahi kuipigia jembe. Kulikuwa na mawe mepesi ajabu: unainua jiwe la ukubwa wa kichwa cha ng'ombe kwa vidole viwili, unajiona Samsoni. Mahali pengine mvuke ulitoka chini wenyewe. Mwenyeji wetu alifukia sufuria ya unga wa mkate kwenye mchanga wa moto, akaja kuifukua kesho yake mkate umeiva, mweusi na mtamu. Hapo nilinyamaza bila kuombwa. Hakuna kuni, hakuna makaa, hakuna mtungi wa gesi. Nikamuuliza wanalipia moto huo kiasi gani. Akasema hawalipi. Nikauliza tena, nikidhani Kiingereza changu ndicho kilichokosea.

Wiki ya tatu mfugaji mmoja wa kondoo alitupandisha kilima chenye shimo kubwa juu yake. Tulipofika ukingoni akatandaza ramani ya volkano za dunia, akaibana kwa mawe, akamtaka kila mtu aonyeshe ya kwao. Wenzangu wakaonyesha. Zamu yangu nikasema kwetu hatuna mambo hayo, sisi tuna mahindi.

Akainama, akaweka kidole karibu na Kitale. "Na huyu?"

Nikatazama. Nikavua kofia nikatazama vizuri. Alikuwa mlima wetu, Elgon.

"Huyu ni mkubwa kuliko wote niliowahi kupanda," mfugaji akasema. "Shimo lake la juu ni pana sana. Amelala tangu zamani. Unaishi chini ya volkano na hujui?"

Mlima ule ninaouona nikiwa juu ya ngazi naandika "Nyama Choma". Mlima ambako mama hufuata vitunguu vyake, kule Cheptais, na kurudi akilaani bei. Tumeuza mtamba mwenye mimba, nimepanda ndege tatu, ili mchunga kondoo anionyeshe mlima wa vitunguu.

"Mashamba yenu yanazaa?" akauliza.

"Yanazaa mpaka tunachoka kuvuna."

"Basi mnakula jivu lake," akasema, akakunja ramani.

Wiki sita ziliisha kama zilivyoandikwa. Tikiti ilikuwa ya kwenda na kurudi tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeuliza, nami sikusema. Nilirudi na michoro, na mawe mepesi kumi na moja, maana hayakuongeza hata kilo mbili kwenye mzigo.

Nilimkuta mama akianika maharagwe uani. Alinitazama mimi, akatazama begi, kisha akatazama nyuma yangu, kama anayetafuta polisi.

"Wamekurudisha?"

"Nimerudi, mama."

"Nimeuliza, wamekurudisha?"

"Muda umeisha."

"Uliwafanyia nini watu wa watu?"

Nikamweleza. Kwamba residency ya wasanii ni kukaa kidogo na kuondoka, kama mgeni wa harusi. Kwamba baba mdogo alikosea.

"Na wewe ulikuwa wapi akikosea?"

Nikamsogezea begi, kama muuzaji anayebadilisha bidhaa.

Akafungua begi mwenyewe. Akatoa jiwe moja, akaligeuza, akavua kandambili, akajisugua kisigino.

"Si hii ni mawe ya kusugua miguu? Si imejaa soko?"

"Hiyo imetoka kwenye volkano, mama."

"Na ya soko imetoka wapi? Kwa kiwanda?"

Jumapili hiyo aliyafunga matano kwenye karatasi, akawagawia wale watano wa benchi la mbele. "Ameniletea kutoka huko," akawaambia. "Yuko rikizo." Wakayapokea kwa mikono miwili. Baba mdogo, ambaye nilidhani angalau ataona haya, alisimama kando akitikisa kichwa kwa ujuzi: "Likizo ni haki ya kila mkaazi."

Likizo yangu sasa imeingia mwezi wa tisa. Niko Kitale, juu ya ngazi ile ile. Wa kanisani wakipita mjini hunipigia kelele kutoka chini: "Niaje, wa majuu! Bado uko?"

"Bado niko."

"Ati unarudi lini?"

"Makaratasi," nasema, na brashi inaendelea. Neno lenyewe nilikopa kwa baba mdogo.

Sanaa ya Aisilandi nimejaribu kuitumia mara moja. Nilimchorea mwenye buchari mlima wetu nyuma ya ng'ombe, ukitoa moshi mwembamba kileleni. Akasema ng'oa moshi, wateja watafikiri nyama imeungua. Nikafuta moshi. Nikamtoza na ya kufuta.

Ningeweza kuishi hivyo hivyo. Lakini Jumapili iliyopita baba mdogo aliomba nafasi ya matangazo, akashika kalamu moja mkononi, ile ya heshima.

"Wapendwa," akasema, "kijana wetu amekwama. Ukaazi uko huko unamngoja, na yeye yuko hapa anaandika buchari, kwa sababu ya nini? Tikiti! Si hii ni aibu ya kanisa zima?"

Kanisa likasema ni aibu. Harambee ikapangwa baada ya Jumapili mbili. Walioahidi kwanza ni wale watano, akafuata mjane mmoja wa benchi la saba anayeuza mayai, aliyehamia pale mama alipokuwa akikaa. Mama alikuwa mbele, katikati ya wenzake, ameinamisha kichwa anatazama miguu yake. Siku hizi ni laini sana.

Nje, watu wakiagana, alinishika mkono.

"Sema kitu," akaniambia. "Lakini usiseme hiyo."

Nikisema kweli, mama atavuka mabenchi sita kurudi nyuma, na safari hii kanisa lote litamhesabia. Nikinyamaza, mjane atatoa pesa za mayai kumpeleka ng'ambo mtu anayelala Kitale. Niliwaandikia wale wa Aisilandi kuomba nafasi ya pili. Wamejibu kwa upole kwamba msanii huitwa mara moja tu.

Mara hii mnunuzi anajipandishia tena bei mwenyewe, nami nataka kumkatiza, na sijui kwa neno gani. Wewe unayesoma, kama una mama na mama huyo ana benchi, nishauri kabla ya Jumapili hiyo: niseme nini ambacho si hiyo?