Kamate, Mama Mkwe na Choo Kimoja

Kama umewahi kununua majani ya tumbo katika soko la Nyakasanza, hapa Bunia, basi Kamate ameshakuuliza habari za choo chako, na watu wote wamesikia. Hana haya hata kidogo. Siku moja nilikuwa nimevaa kitenge kipya cha kwaya, nimesimama na mke wa mchungaji, naye akapaza sauti kutoka kwenye meza yake: “Mama! Ile mambo ilitoka? Iko nguvu ao laini?” Mke wa mchungaji akaanza kuchunguza nyanya. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na tangu siku hiyo nina kinyongo naye, sikatai.

Lakini ilikuwa imetoka, na hilo nalo sikatai. Kwa tumbo lililofunga Kamate anakupa mbegu za papai zilizosagwa, na anakuamuru ule lenga-lenga, yaani mchicha, na unywe maji. Kwa gesi, tangawizi na citronelle, ule mchaichai. Kwa asiye na hamu ya kula, mubirizi, majani machungu mpaka unamkumbuka Mungu. Wachimba dhahabu wanamjia matumbo yakiwa yameungua kwa pombe kali, Wakristo kwa Waislamu, na wote anawagombeza kwa usawa: “Unakula bugali mulima muzima na makayabu, samaki ya chumvi, mboga hapana, maji hapana, kisha unasema ni bulozi!”

Nyumba yake iko Rwambuzi, nyuma ya yangu. Kati yetu kuna ua wa matete tu, kwa hiyo mambo yao nayajua bila kuuliza.

Mwaka jana mama mkwe wake, Mama Véronique, alifika kutoka Djugu na mkeka mmoja na furushi la nguo. Kijiji chake kilikuwa kimechomwa na wanamgambo. Kamate alimpokea vizuri, yaani alimkimbia. Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Kijijini ni rahisi, kila mtu ana migomba yake ya kujifichia. Lakini nyumba ya Kamate ina vyumba viwili, uwanja mmoja na choo kimoja. Kamate akawa anakohoa kabla ya kupita pembe ya nyumba, na Mama Véronique akisikia kikohozi anajifunika kitenge usoni. Maneno yao yalipitia kwa Joëlle, mke wa Kamate, hata wakiwa karibu kiasi cha kugusana.

“Joëlle, uliza mama kama alilala muzuri.”

“Joëlle, ambia yee nililala muzuri.”

Joëlle aliendelea kutwanga sombe, yale majani ya muhogo; wote wawili walikuwa wameshasikiana.

Kamate naye akaanza kufanya haja zake kwenye choo cha soko, chenye foleni na harufu ya kuua nzi. Alisema ni kwa sababu ya kazi nyingi. Kazi gani? Hakutaka mama mkwe amwone akiingia chooni, basi.

Kisha Mama Véronique akaacha kula. Anaonja bugali kidogo, anasukuma sahani. Tumbo likamvimba, macho yakaingia ndani. Joëlle alipomweleza mumewe, Kamate karibu afurahi, maana huo ulikuwa ugonjwa wa fani yake. Shida ni kwamba yule mtu aliyeuliza nusu ya Bunia kuhusu choo hakuweza kumuuliza huyu mmoja.

“Joëlle,” akasema, jasho likimtoka, “uliza mama kama… kama tumbo inamusalimia.”

“Ambia yee tumbo iko muzuri.”

Basi akatibu gizani. Alianza na papai. Akaongeza mbegu. Akaja na mubirizi, akaja na aloe, vikombe vikaingia vimejaa na kutoka vitupu, na tumbo liko palepale. Mwishowe akanunua poire, ile ya mpira ya kusukumia dawa kwa mlango wa nyuma, akampa Joëlle ampelekee mama. Joëlle aliirusha juu ya ua, ikatua katika sufuria yangu ya maharagwe. Ilikuwa mpya, Mungu asifiwe.

Wakati huohuo kuku wao akaanza kuhara. Kamate akasema ni tauni ya kuku inapita mjini.

Jumamosi Mama Véronique akafunga furushi lake.

“Mi narudia ku Djugu,” akamwambia Joëlle. “Motard atakuya na pikipiki lundi, kesho kutwa.”

Joëlle alilia mpaka mimi nikaacha kupika. Huko Djugu hakukuwa na nyumba tena. Waliokuwa wametangulia kurudi walizikwa, wale waliopata mtu wa kuwazika. Niliogopa kwa ajili ya yule mama, na nilimkasirikia Kamate, mganga wa wote ambaye ndani kwake kunamshinda.

Jumapili baada ya ibada Joëlle alikwenda bombani. Kamate alikuwa mahali pake pa siku zote, amepiga magoti kwenye turubai lake anapanga majani yakauke. Hukaa hapo asubuhi kabla ya soko, na akirudi hukaa hapo mpaka giza, kwa sababu ndipo jua linapopiga vizuri; akiwa sokoni majani hubaki yametandazwa. Mama Véronique alikuwa kwenye kigoda kando ya jiko, amegeukia ukuta. Kati yao hapakuwa na mtu wa kubeba maneno. Alikuwepo kuku tu.

“Weye kuku,” Kamate akasema, akiangalia mawingu. “Uliza mama, juu ya nini anataka kutuacha akufe huko.”

Mama Véronique akavuta kitenge usoni. Kisha akauambia ukuta:

“Kuku, weye uko na bahati. Dawa yote ya bwana yako ni weye ulikunywa, nilikuwa nakuchanganyia na pumba. Na unakunya fasi unapenda, muchana wazi. Hakuna mukwe mwenye kukaa mbele ya mulango ya choo anapanga majani.”

Kamate akageuza kichwa polepole. Mlango wa choo ulikuwa nyuma ya mgongo wake, na turubai lilifika mpaka kizingitini. Mama wa watu angemwomba mkwe wake apishe, aruke majani, aingie, na mkwe abaki pale anasikiliza; na mkwe akiwa sokoni, ilibidi akanyage dawa zake, aibu ileile. Na huyu mjinga alikuwa na ugonjwa uleule wa haya, ila yeye alikuwa na choo cha soko!

Kamate aliinuka. Alikohoa, akakunja turubai na majani yake yote, akayaburuta nje mpaka kando ya barabara, kwenye vumbi la pikipiki.

“Kuku!” akapiga kelele kutoka huko. “Bwana yako atakaa huku sasa, siku zote!”

Nikasikia mlango wa bati wa choo ukifungwa. Mimi nikaingia ndani kwangu, maana hata mimi nina mipaka.

Jioni ile Mama Véronique alikula bugali na lenga-lenga, akaomba tena.

Jumatatu pikipiki ikaja, ikapiga honi. Kamate alikuwa pale barabarani na majani yake, hakuthubutu kugeuka. Ndani ya uwanja Mama Véronique akapaza sauti, na mtaa mzima ukasikia:

“Kuku, ambia motard arudie, siendi. Na ambia bwana yako aache ile choo ya soko, itamuua. Kila asubui nitakuwa naenda ku maombi. Choo itabakia yake.”

Motard aliondoka akitukana. Kamate alibaki amesimama, tangawizi mkononi, akilia waziwazi.

“Ni tangausi,” akaniambia.

Hakuwa hata ameimenya.