Kabichi ya Danuta kwenye Kombe la Bi Bahiya

Bi Bahiya wa Mwananyamala alikuwa mwanamke wa kuogopwa kwa ukarimu wake. Ukipita mlangoni kwake saa ya chakula, utakula. Ukisema umeshiba, kakununia wiki nzima. Hata mwaka ule wa njaa, sabini na nne, mchele ulipogeuka kitu cha foleni na mji mzima ukila ule unga wa njano tuliouita yanga, yeye hakukunja mkono. Mumewe, Nasser, ambaye duka lake lilikuwa limebakiwa na viberiti na salamu, alimwonya kuwa ukarimu huo utawazika. Bi Bahiya akamjibu kuwa basi watazikwa wameshiba.

Nyumba ya pili akahamia msichana wa Kizungu, Danuta, mwanafunzi kutoka Poland aliyekuja kusoma Kiswahili Mlimani. Wenzake walikaa bwenini. Yeye alitaka kuishi na watu, ale wanachokula, ajue wanavyoishi. Bi Bahiya akamwonea huruma mtoto wa watu aliye mbali na mamake, akampelekea pilau kwenye kombe la kaure alilorithi kwa mama yake. Mtaa mzima halikuwa na mwenzake.

Sasa, Danuta alikuwa amefundishwa kuwa chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Jambo jema kabisa. Kesho yake akalirudisha kombe limejaa kabichi ya kwao, iliyokatwakatwa, ikatiwa chumvi, ikafungiwa mtungini mpaka ikachacha. Harufu ilipiga hodi kabla yake.

“Inatoa povu na haipo motoni,” Nasser alisema, akirudi nyuma. “Hii ni pombe, au ina jini.”

“Si pombe, baba. Ni chumvi na subira tu,” Danuta akajibu.

Bi Bahiya akaonja. Machozi yakamlenga, taya zikamkaza, lakini adabu ni adabu. “Tamu, mwanangu,” akasema. “Tamu mno.”

Hapo ndipo alipojichimbia kaburi. Alilijaza kombe wali, likarudi na kabichi. Akalijaza mkate wa kumimina, likarudi na kabichi. Kuku waliomwagiwa kabichi hiyo wakahamia ua wa jirani.

“Mama, mwambie basi,” akalia binti yake, Hayat. “Mchele wa posa yangu unaisha.”

“Nimwambie chakula chake kibaya? Mie? Bora nife.”

Hayat alikuwa na haki ya kulia. Ijumaa ile Bwana Zahor wa Tabata angekuja kumposea mwanawe, Jamali, na Hayat alimtaka Jamali mpaka usingizi ulimruka. Lakini Bwana Zahor alikuwa mzee wa kuchagua: nyumba mbili alishazikataa kwa ajili ya meza tu, moja eti kwa sababu chai ilinuka moshi. Mchele uliobaki ulitosha pilau moja, na kombe la kuipakulia lilikuwa kwa Danuta.

Ijumaa Danuta akalileta, limejaa, limefunikwa kawa. Bi Bahiya akaliweka mezani jikoni, akageuka kupalia makaa pilau ikauke. Huku nyuma Nasser, ambaye jikoni alikuwa akikujua kwa kusikia, aliona wageni wameshanawa. Akabeba kombe na kawa yake, akaenda nalo sebuleni. Bi Bahiya alipogeuka, meza ilikuwa tupu.

Alikimbilia nyuma ya pazia, roho mkononi. Bwana Zahor alikuwa ameshafunua. Alinusa, akatia tonge kinywani, akafumba macho. Kisha akatia jingine.

“Miezi yote hii ya yanga ulimi wangu ulikuwa umekufa,” akasema. “Leo umefufuka. Nani mpishi?”

Nasser akatazama dari.

“Hayat!” Sauti ilimtoka Bi Bahiya nyuma ya pazia kabla hajaamua. “Kapika Hayat, kwa mkono wake!”

Njia ya mwongo ni fupi. Hapo hapo hodi ikapigwa, akaingia Danuta, kaja kuomba chumvi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, binti. Njoo uonje. Huko kwenu mna kitu kama hiki?”

Bi Bahiya alishika pazia. Danuta akaliangalia kombe. Akamwangalia Nasser anayetoka jasho. Akaliona jicho la Bi Bahiya penye upenyo wa pazia.

“Kwetu hakuna, baba,” akasema. “Nimekuja kukikuta hapa kwa Hayat. Kila siku namsihi anifundishe, ananificha.”

Bi Bahiya akampenda msichana yule hapo hapo kama aliyemzaa. Huko Mlimani wangempa cheti cha nini tena? Kumsitiri mwenyeji wake alikuwa keshajua.

“Hayat!” akanguruma Bwana Zahor. “Uchoyo wa nini? Mkwe wangu hawi mchoyo. Mfundishe mwenzio, sasa hivi!”

Mkwe wangu! Bi Bahiya akajiziba mdomo kwa mtandio, akawasukumia wasichana uani na kabichi mbichi. Hayat, ambaye hakujua aanzie wapi, akachota chumvi gao zima, kiganja kimejaa.

“Taratibu, Hayat!” mzee akapaza sauti kutoka ndani. “Mkono wa Kizungu mzito!”

“Ndiyo, baba, nitajitahidi,” Danuta akaitikia, huku akimpokonya Hayat chumvi.