Mpiga Tumba Aliyetumwa Kuchagua Kinanda

Walinituma mimi. Hadi leo nikikumbuka hilo hucheka, ingawa siku yenyewe sikucheka hata kidogo. Bendi yetu ya Ruangwa ilitaka kununua kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake. Nachingwea kulikuwa na vinanda viwili vinauzwa, na mtu waliyemchagua akavitazame, avilinganishe na kuleta taarifa alikuwa mimi, mpiga tumba wao. Yaani nikamchague mwenyewe atakayenirithi, tena nikiwa hai na mikono yangu yote miwili ni mizima.

“Mwalimu ana mwandiko mzuri,” alisema Fundi, na mjadala ukaishia hapo.

Fundi ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Mchana alishona nguo kwenye baraza moja pale sokoni, na siku za shughuli alipiga gitaa la solo. Mwimbaji wetu alikuwa mama mmoja muuza vitumbua ambaye mimi nilimwita Dada, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti ila tulimpa kwa heshima. Mpiga besi alikuwa mtumishi wa serikali, na mwaka ule akapata uhamisho wa Tabora, akaondoka na gitaa lake. Tangu hapo nyimbo zetu zikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Msimu wa korosho ulikuwa unakwisha, harusi zinakaribia, na Fundi alikuwa amesikia kwamba vinanda vya siku hizi hupiga besi vyenyewe, hupiga na ngoma vyenyewe. Kila mtu alifurahi. Na mimi nikafurahi kwa mdomo.

Ni lazima nieleze tumba zile zilikuwa nini kwangu. Mimi ni mtu wa Singida. Nililetwa Ruangwa kufundisha, na mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kama sanduku lililoteremshwa kwenye lori kwa makosa. Watoto waliniamkia kwa kuogopa fimbo, na watu wazima kwa sababu walikuwa na adabu. Sokoni watu walizungumza Kimwera na kucheka, nami nikasimama na kikapu changu nikitabasamu bila kujua ninatabasamia nini. Halafu siku moja mpiga tumba wa bendi akaugua homa, nami nikajitokeza nikasema niliwahi kupiga nilipokuwa chuoni. Baada ya harusi ile moja tu, nikawa mtu. Wauza karanga waliniongezea kiganja. Nilianza kuitwa kwenye misiba na kwenye kazi za kuezeka. Mpiga tumba mwenyewe alipopona aliamua kulima ufuta kwa amani, na kiti kikabaki kwangu. Nilikipenda kiti kile kuliko kiti changu cha shuleni, na nilikuwa tayari kukipigania.

Fundi alinipa daftari aliloligawa kwa mstari katikati, kila kinanda na upande wake, na maswali aliyoyaandika mwenyewe. Kinatumia nini? Uzito je? Besi inasikika? Ngoma ni za aina gani? Swali la mwisho alilipigia mstari chini: Mwendo wa ngoma unabadilika?

“Hilo la mwisho usilisahau,” aliniambia akiwa amekanyaga cherehani. “Mashine isiyopunguza mwendo kwenye kona inaharibu nguo.”

Nilipanda lori la alfajiri, nikafika Nachingwea nimepauka kwa vumbi jekundu. Kinanda cha kwanza kilikuwa nyumbani kwa mtaalamu mmoja wa kilimo, mgeni kutoka Ulaya, aliyekuwa anamaliza mkataba na kuuza vitu vyake. Kilikuwa kinanda hasa! Safu mbili za vibao juu, na chini vingine vya kukanyagia kwa miguu. Mwenyewe alinipigia kidogo, na sauti yake ilinifanya nitake kutubu dhambi. Lakini kilikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo na kilitaka umeme wa ukutani. Sisi tulipiga vijijini, Mandawa, Mtua na Mkotokuyana, huko ambako umeme wetu wote ulikuwa betri ya gari ya kuendeshea spika. Nikaandika upande wa kushoto: kizuri mno, hakitufai. Hapo sikudanganya.

Cha pili kilikuwa dukani kwa mfanyabiashara mmoja karibu na stendi. Bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi madukani baada ya miaka ya uhaba, naye alikuwa na kiburi cha mtu mwenye sabuni. Akatoa kinanda kwenye boksi, kidogo, cha kubebeka kwapani, akatia betri kwa chini.

“Hiki kinajitegemea, Mwalimu,” alisema. “Spika yake mwenyewe, besi yake, ngoma zake. Ukikipigia wimbo mfupi kinaukumbuka na kukurudishia.”

Neno kujitegemea nilikuwa nikiliandika ubaoni kila wiki, lakini sikuwahi kulisikia likisemwa juu ya mashine. Akabonyeza rumba. Sauti ya ngoma ile ilikuwa kama mtu anayegonga kopo la maziwa kwa kijiko, hilo nilisema na bado nasema. Lakini haikuchoka, haikukosea, haikuomba maji ya kunywa. Niliisikiliza kwa chuki, nikitafuta kasoro kama anavyotafuta mkaguzi aliyekuja na hukumu yake mfukoni.

Mfanyabiashara alipogeuka kumpimia mtu mafuta ya taa, nikakiona. Kilikuwa pembeni, kidude cha kuzungusha kama kile cha kutafutia stesheni kwenye redio. Nikakizungusha kidogo kushoto. Rumba ikapungua mwendo, ikatembea kama mzee anayetoka msikitini. Nikakizungusha kulia, ikakimbia. Nikakirudisha haraka mahali pake na kutazama juu, kwenye sufuria zilizoning'inia darini.

Nilijibu maswali yote kwa mwandiko wangu mzuri. Mbele ya lile la mwisho sikuandika kitu.

Mfanyabiashara alimfahamu Fundi kwa sababu ndiye aliyewashonea watoto wake sare. Akasema tukichukue tukakijaribu harusini Jumamosi. Kikiharibika, basi tumekwisha kukinunua. Nilirudi nimekipakata kwenye lori, nimekifunika kwa shuka lisiingie vumbi. Nilikilinda kinanda kile kama mwanangu, na bado nilikuwa nimekwisha kukisaliti.

Fundi alisoma daftari hadi mwisho. “Hapa vipi?”

“Sikuona kitu cha namna hiyo.”

“Hakuna kabisa?”

“Sikukiona, Fundi.”

Akashusha pumzi. “Basi. Tutakwenda kwa mwendo wake.”

Jumamosi asubuhi tulizianika betri juu ya bati ili zipate nguvu, maana zilikuwa zimekaa dukani muda mrefu. Tumba zangu nazo nilikuwa nimezianika ukutani, kwa mazoea tu, ngozi zikaze. Fundi akaziona. Akaniwekea mkono begani kwa upole, heri angenizaba kofi.

“Leo ziache, Mwalimu. Leo wewe pumzika, tukipime vizuri.”

Harusi ilikuwa Mandawa, baada ya adhuhuri. Kinanda tulikiweka juu ya dawati la shule, Fundi akabonyeza rumba, akashika gitaa lake. Watu walishangilia. Watoto waliinama chini ya dawati kumtafuta mpiga ngoma. Mimi nilikaa kwenye benchi kando ya dawati, mikono juu ya magoti, nikiona jinsi mikono ya mtu inavyoweza kuwa mizito inapokosa kazi.

Ikafika zamu ya kutunza. Ndugu wa bibi harusi hutoka mmoja mmoja na zawadi yake, na hawatembei hivi hivi. Hucheza kutoka walipo mpaka kwenye mkeka alipoketi bibi harusi. Huo mchezo ni nusu ya zawadi. Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa siku zote. Nilikuwa natazama miguu ya mtu, nampa mwendo wake, na namfikisha. Shangazi wawili walitoka, vijana bado, na rumba ya kinanda ikawachukua vizuri tu.

Halafu akasimama bibi yake bibi harusi, mama yake mama. Alikuwa na fimbo mkono mmoja na doti mpya ya kanga begani, na mguu wake wa kulia ulikuwa mgonjwa. Akaweka fimbo, akaweka mguu, na ngoma ilikuwa imekwisha kupita. Akajaribu tena. Ikampita tena. Watu walioanza kupiga makofi wakaacha. Fundi akaona, akaanza kubonyeza: rumba ikawa walsi, walsi ikawa disko, ikazidi kuharibika. Dada alirudia ubeti uleule mara tatu, akinitazama kama mtu anayeomba msaada bila kujua wa namna gani.

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Naam, kishindwe! Kishindwe mbele ya watu wote!

Bibi alisimama katikati ya uwanja. Akageuka kutafuta kiti alichotoka, akamwambia aliyekuwa karibu naye maneno machache. Kimwera changu kilikuwa cha sokoni, lakini hayo niliyaelewa. Alisema, mwambieni mjukuu wangu kwamba ngoma ya leo si yangu.

Furaha yangu ikafa palepale. Mimi mgeni nilipewa nafasi katika nchi ile kwa ngoma. Yeye mwenyeji, katika harusi ya mjukuu wake, alikuwa ananyang'anywa yake, na mnyang'anyi hakuwa kinanda.

Niliruka kutoka kwenye benchi. Nikasukuma mkono wa Fundi, nikarudisha rumba, nikashika kile kidude na kukizungusha kushoto, macho yangu kwenye miguu ya bibi. Zaidi kidogo. Zaidi. Fimbo, mguu. Fimbo, mguu. Ngoma ikamkuta. Akasikia, nikaona mabega yake yanasikia kabla ya miguu. Akageuka tena kuelekea kwa mjukuu. Alipochoka katikati nikapunguza, alipopata nguvu nikaongeza kidogo tu, hadi akafika kwenye mkeka na kumfunika mjukuu wake kanga ile kwa mikono yake. Vigelegele vililipuka mpaka kuku wakakimbia. Nilikuwa nalia, na sikuondoa mkono kwenye kidude, kwa sababu nyuma yake alikuwa anakuja mjomba mmoja mwenye haraka zake.

Wimbo ulipokwisha, Dada aliweka kipaza sauti pembeni.

“Kumbe ulikuwa unajua.”

“Nilikiona kulekule dukani, Dada.”

“Mbona ulisema hukukiona?”

Sikuwa na uongo mwingine uliobaki. “Niliogopa mtaniacha. Niliogopa kurudi kuwa mgeni.”

Fundi aliweka gitaa chini. Nilitegemea anifukuze, na angekuwa na haki. Alikitazama kinanda, akanitazama mimi.

“Umenikosea, Mwalimu,” alisema. “Umenikosea sana. Lakini hata ungenionyesha hicho kidude, nisingejua pa kukisimamisha. Mimi macho yangu yako kwenye nyuzi. Huyu mwimbaji wetu macho yake yako kwa bibi harusi. Nani kati yetu anayetazama miguu ya watu?”

Akalivuta benchi kwa mguu wake mpaka nyuma ya dawati.

“Kaa. Na safari ijayo uje na tumba moja, uiweke magotini. Hilo kopo la maziwa haliwezi kuachwa peke yake.”

Tulipiga mpaka jua lilipoanza kuinama, mimi mkono mmoja kwenye kidude.

Jumatatu, baada ya masomo, nilikwenda barazani kwake nikaomba lile daftari. Alinipa bila kusimamisha cherehani. Nikatafuta swali la mwisho, lile la mwendo wa ngoma, na mahali nilipopaacha wazi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Unabadilika, ila kinahitaji mtu.

Nikamrudishia. Fundi akasoma, akachomoa penseli sikioni, na chini ya maneno yangu akaandika neno moja: Tunaye.